Madaftari Kabatini

Jumanne moja, saa kumi na mbili kasoro robo jioni, mke wa mwalimu wa hesabu alikuwa akikata nyanya jikoni. Nyanya moja ikamponyoka, ikaanguka sakafuni, ikabingiria hadi mlangoni, ikavuka sebule nzima bila haraka na kusimama kwenye mguu wa kabati. Akaifuata, akaiokota, akaiosha. Kisha akachukua nyingine na kuiweka chini makusudi. Nayo ikashika njia ile ile.

"Baba watoto," akasema, "nyumba imeinama."

Mwalimu alikuwa kwenye kochi, gazeti mkononi. Akasema ataliangalia hilo kesho.

Hakuwa mvivu. Asubuhi alifika shuleni kabla mlinzi hajafungua geti, na kipindi chake hakikupotea hata dakika. Kusahihisha ndiko kulikomshinda. Kila Ijumaa alirudi na mfuko wa madaftari, kila Ijumaa aliyapanga kabatini na kujiambia ataanza kesho, kichwa kikishatulia. Wanafunzi walimwita Mwalimu Kesho. Alijua, wala hakukasirika, maana hakuwa na la kujitetea. Mwisho wa muhula alitoa maksi za mtihani peke yake, ambao aliusahihisha mbiombio akiangalia jibu la mwisho tu. Madaftari hakuna aliyeyaulizia. Watoto walinunua mengine. Yakakaa mwaka juu ya mwaka, miaka kumi na mmoja.

Jumamosi mkewe akamwita jirani yao, fundi mwashi. Fundi akaweka pimamaji sakafuni, akachungulia, akauliza kabatini mna nini. Akaambiwa ni madaftari ambayo hayajasahihishwa. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa kuna mchwa. Akajaribu kuinua moja la chini kwa mikono miwili, likakataa.

Akawaeleza kwamba kazi ya namna hiyo huongezeka uzito kila siku inapolala. Aliwahi kuikuta kwa hakimu mmoja, na kwa bwana mmoja aliyekuwa na barua moja tu ya dada yake ambayo hakuijibu, na barua hiyo ilipasua zege. Msingi wa nyumba ulikuwa mzima. Angeweza kuongeza nguzo, lakini zingeshika mwaka mmoja tu.

Mwalimu akauliza kama haifai kuyachoma.

"Yule hakimu alichoma," fundi akasema. "Majivu yalikuwa mazito vilevile, na majivu hayasomeki."

Akawaachia matofali manne ya kuinulia miguu ya kitanda cha watoto, kilichokuwa kimeanza kuteleza, akaenda zake.

Jumapili mwalimu akaapa kuyamaliza yote. Akafuta meza. Akapika chai. Akapanga kalamu nyekundu kwa urefu wake, akaona hazitoshi, akaenda dukani kununua nyingine, akakutana na mwalimu mwenzake wakazungumza habari za uhamisho. Aliporudi chai ilikuwa imepoa, akapika nyingine. Jua likazama hajafungua hata daftari moja. Nyumba ikashuka upana wa kidole, na mlango wa mbele ukagoma kufunga.

Mkewe hakumkemea. Alikaa kando yake, akamwambia kwamba yeye naye angeogopa kulima shamba zima kwa siku moja.

"Usimalize," akasema. "Kesho ukirudi kutoka kazini, sahihisha moja kabla hujavua viatu. Moja tu. Ukishavua, basi, mimi nakujua."

Viatu vyake vilikuwa vinabana, na hilo lilisaidia. Jumatatu alichukua la juu kabisa, akakaa, akalisahihisha kwa dakika kumi na mbili huku vidole vya miguu vikimwuma. Alipotia sahihi yake mwishoni, daftari likawa jepesi. Angeweza kulishika kwa vidole viwili. Akavua viatu. Siku ya pili akafanya moja. Wiki ya tatu mawili, na kufikia mwezi wa pili yakawa matano kila siku, bila kiapo wala chai. Mlango ukakubali kufunga. Mkewe akaondoa tofali la kwanza.

Kuna kurasa zilizomchekesha na kuna zilizomnyamazisha. Mvulana mmoja alikuwa ameandika katikati ya hesabu za sehemu: Mwalimu akisoma hapa nitampa chungwa. Kurasa kumi mbele aliandika kwamba machungwa sasa ni matatu. Mwalimu akaweka alama ya vema pembeni.

Daftari lililobaki chini kabisa lilikuwa la msichana wa darasa la sita, wa miaka kumi na mmoja nyuma. Lilikuwa zito kiasi kwamba alilisahihisha amepiga magoti mbele ya kabati, viatu mguuni. Ukurasa wa kwanza akaweka makosa matupu. Kwa mujibu wa kitabu chake cha majibu, alikuwa amewapa wanafunzi themanini na sita mara saba. Msichana ameandika jibu mia mbili hamsini na mbili. Ukurasa wa pili mkono wake ukasita, akaitazama tena hesabu ile. Msichana hakuwa amezidisha themanini na sita. Alikuwa amenakili thelathini na sita, na thelathini na sita mara saba ni mia mbili hamsini na mbili.

Akarudi nyuma, akaanza upya. Hesabu zilikuwa sawa ukurasa baada ya ukurasa, ila hazikuwa hesabu alizozitoa yeye. Kila penye nane, msichana alikuwa ameona tatu. Alikuwa haoni ubaoni.

Mwalimu akamkumbuka. Alikaa dawati la mwisho kwa sababu alikuwa mrefu. Mitihani nayo iliandikwa ubaoni, kwa kuwa shule haikuwa na karatasi za kutosha. Mwaka wa kwanza alimpa kumi na moja kwa mia, akarudia darasa. Mwaka wa pili akampa tisa. Baba yake alikuja ofisini kuuliza kama kuna la kufanya, na yeye akamjibu kwa upole kwamba wengine hesabu si fungu lao. Yule baba akashukuru, akamchukua mtoto, na hakurudi naye tena.

Akayafuta makosa yote, akaweka vema hadi ukurasa wa mwisho, akatia sahihi. Daftari halikuwa jepesi. Akamwita mkewe, wakalinyanyua pamoja kwa shida.

"Hili halitaki kusahihishwa tu," mkewe akasema. "Lina mwenyewe."

Kesho yake wakaazima mkokoteni wa fundi mwashi. Mwalimu akausukuma mwenyewe mpaka duka la dobi lililotazamana na benki, ambako aliambiwa msichana yule sasa anafanya kazi. Alikuwa anapiga pasi mashati, amevaa miwani minene.

"Shikamoo, mwalimu," akasema, bila kuiacha pasi.

"Marahaba."

Mwalimu akamweleza alichokiona. Dobi akamsikiliza huku akimaliza kola. Akasema ni kweli, alikuwa haoni, lakini alidhani kila mtu anaona hivyo, na kwamba wenzake wanakisia vizuri kuliko yeye. Miwani alijinunulia mwenyewe akiwa na miaka kumi na tisa. Siku hiyo ndipo alipogundua kwamba saa ya pale benki ina mshale wa tatu.

"Yale maneno niliyomwambia baba yako," mwalimu akasema, "hayakuwa kweli."

"Aliyarudia sana nyumbani," dobi akasema. "Mpaka anafariki alikuwa ananionea huruma kwa ajili hiyo."

Mwalimu akamtajia madarasa ya jioni ya watu wazima. Dobi akamshukuru, akamwambia ana watoto wawili, anaingia kazini saa moja asubuhi na kutoka saa moja usiku. 

Wakasaidiana kulipandisha daftari mezani. Dobi akajifuta mikono, akalifungua, akapitia kurasa moja moja kwa kidole. Karibu na mwisho kidole kikasimama.

"Hapa nimekosea. Hamsini na tatu mara nne ni mia mbili kumi na mbili, mimi nimeandika mia mbili na mbili. Na umenipa vema."

Mwalimu akatazama. Dobi alikuwa sahihi. Akatoa kalamu nyekundu, akaweka kosa. Daftari halikupungua uzito wala kuongezeka. Dobi akalifunga, akalisukuma kwa bega mpaka ukingoni mwa meza ya pasi, akamwambia anaweza kuliacha.

Mteja akaingia na suruali ya kitambaa kigumu, akalalamika kwamba mkunjo wake haukai hata ukipigwa pasi mara tatu. Dobi akaikunja, akamwomba mwalimu ainue upande mmoja wa daftari, akaitelezesha chini yake.

Mteja akauliza hicho ni chuma cha aina gani.

"Ni daftari langu la darasa la sita," dobi akasema, akamwambia arudi saa tisa, mkunjo utakuwa umekaa.