Sauti ya Shangazi Umeme

Gazeti lilitoka Jumamosi, na kaka yangu hakutaka kulisoma mwenyewe. Alinipigia simu nikiwa kwenye cherehani, nashona kola za sare za shule.

"Dada, njoo unisomee. Macho yangu yamechoka."

Macho yake hayakuwa na neno. Yeye ni mpiga video za harusi, na akiwa mlangoni anaona unywele ulioangukia bega la bibi harusi. Lakini tulikuwa tumemzika mama miezi michache nyuma, na tangu hapo kila mmoja wetu alikuwa na kiungo chake kilichochoka. Yeye macho, mimi miguu.

Nilimkuta mezani na mkewe, gazeti limekunjwa katikati yao, chai imepoa. Wifi alinisogezea kiti.

"Soma, wifi. Tumalize."

Filamu yenyewe inaitwa Shangazi Umeme. Kaka aliitengeneza kwa miaka, siku zile zisizo na harusi. Ni ya watoto na wazazi wao. Familia inaishi ndani ya chombo kinachosafiri kati ya nyota, baba na mama wanashinda kwenye mitambo, na binti yao analelewa na mashine. Binti ni mtoto wa kaka mwenyewe, tunamwita Chiriku kwa sababu hanyamazi. Mashine ni friji bovu la jirani, limewekewa magurudumu ya kiti cha ofisi na mikono ya mipira ya mashine ya kufulia. Nguo za kung'aa nilizishona mimi. Sauti ya mashine ni ya mama.

Aliirekodi akiwa anaumwa tayari. Kaka aliegemeza magodoro kwenye kuta za stoo ili kelele za barabarani zisiingie, akamwekea kiti na mto, na mama akawa anaingia humo asubuhi kabla dawa hazijamlaza. Anasema maneno machache, anatoka. Hakuiona filamu ikiwa imekamilika. Alikuwa akituuliza tu, "Shangazi yenu amefika wapi?"

Basi nikasoma. Mhakiki wa gazeti alikuwa na ulimi. "Watoto watacheka pale wanapotakiwa kulia," aliandika, "na wazazi watalia wakikumbuka nauli." Friji alilitambua mara moja, akasema filamu nzima alikuwa akisubiri mtu alifungue atoe maziwa. Chiriku alimsifu. Halafu akafika kwenye sauti. Alisema mashine inaongea kama imekufa, neno linafuata neno, na ndani yake hamna mtu.

"Endelea," kaka akasema.

"Imeisha."

"Haijaisha. Umeruka mstari."

Kweli nilikuwa nimeruka. Nikausoma. "Aliyempa mwanamke huyu kazi hii hakumtendea haki."

Wifi aliinuka akaondoa vikombe ambavyo hakuna aliyekuwa amevigusa.

Jumatatu ikawa zamu ya redio. Tuna redio pale tunaposhonea, inaanza kuongea tukifungua mlango na inanyamaza tukifunga. Mtangazaji wa asubuhi alikuwa ameiona filamu ile siku walipoalikwa waandishi. "Jamani, lile friji!" alisema. "Linamwambia mtoto nakupenda kama linamsomea masharti ya dawa. Kutwa mara tatu, baada ya chakula!" Mwenzake alicheka mpaka akakohoa. Fundi ninayekaa naye meza moja alicheka pia, akanigonga bega ili nicheke naye. Nikatabasamu. Hakujua, na sikuwa na nguvu za kumweleza.

Siku iliyofuata mwenye ukumbi wa sinema alituita. Ofisi yake iko nyuma ya dirisha la tiketi, ndogo, inanukia bisi za jana. Ni mtu mnene, mchangamfu, na hana maneno ya kuzunguka.

"Mdogo wangu," alimwambia kaka, "mimi sina ugomvi na friji. Watoto wanapenda friji. Sauti ndiyo inayoniua. Wahakiki wote wamegonga palepale. Niletee sauti nyingine, nikupe wiki nzima ya likizo ya shule. Hutaki, nina filamu ya karate hapa, inasubiri kuitwa tu."

"Ile sauti ni ya mtu wetu," kaka akasema.

"Basi mwambie mtu wenu asinune. Tutamwandikia shukrani mwishoni, herufi kubwa."

Kaka alikuwa amekwisha kubisha hodi kwenye kumbi nyingine zote, na zote zilikuwa zimesoma gazeti. Tukatoka nje, tukatembea mpaka kwenye duka la viatu. Pale akasimama, akawa anaangalia viatu vya kike kana kwamba anataka kununua.

"Wewe una sauti yake," akasema.

Nilijua litakuja. Watu walikuwa wakipiga simu nyumbani, nikipokea mimi wananiamkia shikamoo.

"Yaani tumtoe," nikasema.

"Sijasema tumtoe."

"Umesemaje basi?"

Akarudi kuangalia viatu. Na mimi sikumlaumu, maana nililiona jambo lilivyo. Tukikataa, filamu itabaki ndani ya kompyuta na mama ndani yake, mtu asimsikie. Tukikubali, watoto watakaa ukumbini wataburudika, na watakayemsikia ni mimi. Hatukuwa na mkanda mwingine wa mama wa kumsikia akiongea zaidi ya sentensi mbili. Kwenye video zote za kaka amekaa nyuma, anabeba mtoto wa mtu.

Mwisho wa wiki nikaingia stoo. Magodoro yalikuwa bado yameegemea ukutani, na mto wake juu ya kiti. Nikauweka pembeni, nikaona nimefanya vibaya, nikaurudisha, nikaukalia. Kaka alikuwa kazini kwenye harusi, kwa hiyo kwenye kompyuta alikaa wifi. Yeye anaijua, wanakata video pamoja.

Ananichezea sentensi ya mama, nami nairudia kwa mwendo uleule ili midomo ya friji, yaani zile taa mbili ndogo, iwake sawasawa.

"Funga macho. Nyota zote ziko mahali pake."

"Wifi, unaimba," akaniambia. "Usiimbe."

Nikarudia.

"Sasa unagomba. Mtoto atakimbia."

Nikarudia tena na tena mpaka maneno yakapoteza maana. Mwishoni nikamwambia anichezee mama peke yake, mara nyingi. Nikasikiliza. Nikaanza kuelewa kilichokuwa kinanishinda.

"Wifi, mama hakuwa anaongea hivi."

"Alikuwa mgonjwa."

"Mgonjwa ndiyo, lakini alikuwa anavuta pumzi. Alikuwa anasimama katikati, anakuuliza kama umezima jiko. Huyu hapumui. Huyu amenyooka kama rula."

Wifi akaweka mkono juu ya kipanya.

"Unataka kumsikia kabla hajakatwa?"

Sikujua kama kuna kabla. Akafungua.

Kwanza kilikuja kiti kikilalamika. Kisha mama, karibu kabisa, kana kwamba yuko nyuma ya godoro. "Hebu ngoja mwanangu, shangazi ameishiwa mafuta." Akacheka kidogo. Kisha pumzi, ndefu, ya mtu anayejitua ndoo. "Funga macho." Pumzi nyingine, fupi. "Nyota zote... ziko mahali pake." Halafu kimya, halafu, "Hapo nimemdanganya mtoto, eti? Nani kaenda kuzikagua?"

Nilikuwa nimeziba mdomo kwa mkono. Wifi hakunitazama, na nilimshukuru kwa hilo.

"Kaka yako alizikata pumzi zote," akasema taratibu. "Moja moja. Kama anavyofanya kwenye hotuba za harusini."

Nilielewa. Ndicho wateja wanachompendea kaka. Mjomba aliyekohoa na kusahau alichotaka kusema, kwenye video anatoka amenyooka kama msoma habari. Kaka haachi kikohozi, haachi "eee", haachi mtu akimeza mate. Anaiita kumpa mtu heshima yake.

Kaka aliporudi kutoka harusini, na waya zake begani, tukamwambia. Hakuvua hata viatu.

"Haiwezekani."

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Mashine haina mapafu."

"Na friji halina huruma, lakini wewe umelitia huruma."

"Usinichekeshe, dada."

"Sikuchekeshi."

Akakaa, waya bado begani. "Watamcheka," akasema. "Watasikia anaumwa, watamcheka. Mimi nilimsafisha ili asichekwe."

"Wamemcheka hivyohivyo," wifi akamwambia, lakini kwa upole. "Wamemcheka akiwa msafi."

Kaka akazishusha waya, akaanza kuzikunja, moja baada ya nyingine, kwa uangalifu kuliko zinavyohitaji. "Basi fanyeni nyinyi. Mimi siwezi kuzisikiliza tena. Kila moja nilikuwa naikata naona kama..." Hakumaliza. Akatoka kwenda kupakua taa.

Tulifanya mimi na wifi. Yeye anatafuta pumzi kwenye rekodi ya zamani, anairudisha mahali pake, mimi nasikiliza kama imekaa. Ni kazi isiyo tofauti sana na kushona, kufumua mshono uliobana na kuachia kitambaa. Vichekesho vyake vya pembeni hatukuviweka, isipokuwa kile cha kuishiwa mafuta, kwa kuwa Chiriku alituambia hata mashine inaweza kusema hivyo. Kaka alikuwa akipita mlangoni, akisikia, anakaza mwendo.

Tukaipeleka kwa mwenye ukumbi asubuhi, wafagiaji wakiwa bado kazini. Aliiangalia amesimama, funguo mkononi, kama mtu asiyekusudia kukaa. Baada ya muda akaegemea kiti. Baada ya muda akakaa. Wafagiaji wakaacha kusukuma ndoo.

Taa zilipowaka akampiga kaka kofi la mgongo.

"Si mnaona! Kitu kidogo tu. Huyu mama mmempata wapi? Huyu anajua kazi. Sasa yule wa kwanza mlimtoa wapi?"

Wifi alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Wiki ya likizo ni yenu, nimesema. Na mwambieni aje siku ya kwanza asalimie watoto. Nitamwekea kiti pale mbele."

"Hawezi kuja," kaka akasema.

"Anaringa? Nitampigia mwenyewe."

"Amefariki."

Funguo zilinyamaza mkononi mwake. "Pole sana, mdogo wangu. Lini? Si mmerekodi majuzi?"

"Ni yuleyule," kaka akasema. "Hakuna wa kwanza. Ni mama yangu. Mimi ndiye niliyemkata."

Mwenye ukumbi alimtazama kaka, akanitazama mimi, akaona tunafanana. Sidhani kama alielewa yote. Alisema pole tena, akasema kiti atakiweka hivyohivyo, kisha akaona aibu akaenda kuwafokea wafagiaji.

Mhakiki alirudi, sijui nani alimwita. Aliandika habari fupi. Alisema hadithi bado inaburuta miguu katikati na friji bado ni friji, ila watengenezaji wamefanya vyema kumwondoa mwigizaji wa awali, na huyu mpya ana uhai. Mtangazaji wa redio alisema shangazi sasa ana pumu, apelekwe kwa fundi. Wifi alitaka tuwapigie simu wote wawili tuwaeleze. Kaka akasema yeye hana nguvu ya kumweleza mtu yeyote kitu chochote, na kama mama amechukua nafasi yake mwenyewe, basi kazi imebaki nyumbani. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akitania tangu msiba.

Ukumbi haukujaa. Wengine walikwenda kwenye ile karate, iliyochukuliwa na ukumbi wa jirani. Mimi nilikuwa naenda nikipata nafasi, nakaa nyuma, navua viatu. Watoto walikuwa wakicheka ovyo, wengine wanalala, wengine wanauliza maswali kwa sauti mpaka wanafinywa.

Siku moja karibu na mwisho wa wiki, filamu ikiwa imeshaanza, kaka aliingia. Alisimama kwanza kwenye pazia la mlango. Kisha akaja kwenye safu yangu, akanisukuma kidogo na goti nimpishe, akakaa. Chiriku pale mbele alikuwa amelala kitandani kwake kati ya nyota, na friji limemwinamia.

Mama akavuta pumzi. Kaka akavuta naye, nilimsikia, na sidhani kama mwenyewe alijua.

"Hapo ni ndefu mno," akaninong'oneza.

"Usiiguse."

"Siigusi," akasema.