Mjomba Agoma Kufa

Mjomba wangu amekufa mara arobaini na moja. Ameliwa na mamba, ametiliwa sumu kwenye chai, amesukumwa kutoka ghorofani, na mara moja alikufa kwa mafua kwa sababu filamu yenyewe haikuwa na hela ya mamba. Miaka thelathini ya kuigiza, hajaufikia mwisho wa filamu hata moja akiwa hai. Mtaani jina lake limeshasahaulika. Kinyozi akimwona tu, humwuliza, "Marehemu, leo tunapunguza pembeni?" Wenye foleni wanacheka. Mjomba anakaa kitini, anasaga meno.

Kwa hiyo alipopewa nafasi ya hakimu, alikuja kwetu na muswada kwapani, akamwonyesha mama ukurasa wa mwisho kabla hata ya salamu. Hakimu anatoka mahakamani, anafungua mwavuli, anakwenda zake. Basi. Mtaa mzima ukaambiwa. Wiki tatu nilikuwa namsikiliza akikariri, na kila siku lazima tumalizie na mwavuli: hatua kumi na mbili, bila kugeuka.

Siku ya kurekodi nilimsindikiza. Tulipofika, mwongozaji alimjia kwa sauti ya mtu anayetoa pole. Wenye filamu wamebadili mawazo, hakimu atapigwa risasi ngazini. Eti watazamaji wamemzoea hivyo. Asipokufa wataona wametapeliwa.

Mjomba hakubishana. Alipigwa risasi, akaanguka, akakohoa. Wakarudia, akajikuna goti. Mara ya tatu akapiga chafya. Kufika mara ya sita jua lilikuwa utosini, na mwongozaji amechuchumaa kando yake.

"Mzee wangu, kufa tu twende tukale."

"Nimekufa vya kutosha, mwanangu. Leo nina shughuli."

Mwongozaji akaenda pembeni kupiga simu. Mjomba, kwa uchovu, akapitiwa na usingizi palepale ngazini. Mpiga kamera alibaki na mashine yake.

Simu ilipokwisha, tukaambiwa, haya basi, hakimu atajeruhiwa tu. Wakarekodi mwavuli. Mjomba alitembea kama bwana harusi.

Filamu ilipotoka, watu walijazana sebuleni kwetu, kinyozi akiwa mbele. Risasi ikalia. Hakimu akaanguka, akatulia tuli, mdomo wazi, nzi anamtembelea shavuni wala hana habari. Majina yakaanza kupanda. Mwavuli hatukuuona.

Sebule nzima ikapiga makofi. Mama alikuwa anajifuta machozi. Kinyozi akasema, kwa heshima kabisa, kwamba katika vifo vyote hiki ndicho bora.

"Hapo nilikuwa nimelala," mjomba akasema.

Wakacheka, wakadhani ni utani wa mkongwe.

Akainuka, akachukua mwavuli wake nyuma ya mlango, akaufungua kwenye jua kali. Kinyozi akamwuliza Marehemu mvua iko wapi. Nilihesabu dirishani. Hatua kumi na mbili, na hakugeuka.