Konokono wa Kumi na Tisa

Kwa heshima na taadhima nakiri kwamba mwaka huo nilitia sabuni kwenye birika la matroni, nikafukuzwa bwenini wiki tatu. Hilo halikuwa kosa langu kubwa.

Nilirudi nyumbani Lampang kwa Babu Inpan, aliyeendesha kijiko, mtambo wa kuchimbia, katika mgodi wa makaa ya mawe miaka thelathini. Siku moja kijiko chake kilifukua ukuta mweupe wa konokono wa ziwa la kale, waliogeuka jiwe. Tangu astaafu alikuwa akiwasafisha kwa mswaki na kuwapanga kwenye trei za mayai. Trei moja ilikuwa na konokono thelathini wa kona ya mashariki, ambayo mgodi ungeichimba mwezi ule.

"Pitisha ukucha hapa begani mwa gamba, Fong. Matuta mawili. Wa kwingine wana moja tu. Hawa ni ukoo wao peke yao."

"Babu, hata Bibi hukuwahi kumtazama hivyo."

"Bibi yako hakutulia kama hawa."

Daktari Wilasini wa chuo kikuu angekuja Ijumaa. Akikubali kwamba aina hii haijulikani, angeuomba mgodi uiache kona ile.

Jumatano Mama alipika konokono wa mashamba ya mpunga. Niliokota gamba moja, nikalipaka chokaa na tope, nikachonga matuta mawili kwa wembe, nikalitia badala ya yule wa kumi na tisa. Nilitaka Babu aligundue, anitukane, tucheke.

Daktari akaja siku moja mapema, Alhamisi asubuhi, mimi bado nimelala. Niliposhuka ngazi alikuwa amemfikia wa kumi na nane, akikagua mdomo wa gamba, kitovu, mizunguko, uso wake ukizidi kung'aa. Aliyefuata alimgeuza mara mbili.

"Mzee, huyu amekatwa ncha."

Kwetu hakuna anayepika konokono bila kumkata ncha, ili ukimnyonya nyama itoke. Nilighushi kila kitu, nikasahau koleo la Mama la kukatia ncha.

"Huyu ameliwa, tena juzi. Ananukia mchaichai. Na matuta yamechongwa." Akamrudisha taratibu. "Sasa hawa wengine nitawaaminije?"

Babu alinitazama. Nikafungua mdomo.

"Nyamaza, we mtoto!" Akamgeukia Daktari. "Nimechonga mimi, Mwalimu. Tamaa ya uzee."

Daktari aliunganisha viganja kumuaga. Viliishia kifuani, havikupanda usoni kama kwa mzee wa kuheshimiwa; kama anayemuaga muuza duka.

"Kwa nini, Babu?"

"Shule imeshakuchoka. Wakisikia na hili, nani atakupokea?"

Nilimwandikia Daktari kurasa tatu, bila mzaha hata mmoja. Alikuja baada ya siku kumi na mbili, akiwa na misumeno ya kukata jiwe na magunia ya plasta ya kulifunika lisivunjike. Kona ilikuwa shimo tangu Jumanne.

Babu alimpeleka ukingoni, akanyoosha mkono hewani. "Walikuwa hapa, usawa wa kifua changu."

Daktari akauliza kama angalau trei ile ipo.

"Mlisema ni ya uongo, Mwalimu. Siku moja kabla ya kijiko kuja niliwarudisha kwao. Niliwapanga mmoja mmoja, mdomo juu."

"Wote?"

"Ishirini na tisa. Wa kumi na tisa sijui mjukuu wangu alimtupa wapi."

Nami nilijua. Nilimtupa bwawani, nikihesabu angeruka mara ngapi juu ya maji.