Nane ya Pili

Asubuhi ya raundi ya mwisho niliamka na koo lenye mchanga. Nikajaribu kujiamkia kwenye kioo cha bafuni, ikatoka sauti ya mlango wa banda la kuku.

Jikoni, Kubwimana alikuwa anakunywa chai wima. Ni Mrundi, tunapanga naye Bankstown hapa Sydney, anatunza wazee. Tangu Krismasi ya mwaka huo wa 2021 kazini kwao walikuwa wanachokonolewa pua kila siku kupimwa korona.

"Kaka Luse, hiyo sauti umeazima wapi?"

"Ya urithi. Babu alikuwa baragumu."

"Usinichekeshe. Kipimo kimebaki kimoja, kiko juu ya friji. Famasi zote zimekauka. Pima kabla hujamfuata Mjapani wako."

"Nikirudi."

"Ukirudi utapima nini, majuto?"

Nilikitazama kipimo, nacho kikanitazama. Nikavaa barakoa mbili, moja juu ya nyingine, nikatoka. Mtu amebeba mifuko ya gofu Dar es Salaam miaka kumi na moja, amekuja kupakia makasha Wetherill Park miaka sita mpaka kiuno kikamkana, leo kapewa tena mfuko wa bingwa, apime ili iweje?

Bingwa mwenyewe ni Chizuru Minegishi. Kabla ya kufikisha miaka ishirini na tano alikuwa ameshatwaa vikombe vinne kwao Japani. Kisha mgongo ukamgomea, na alipopona ikaingia korona, viwanja vikafungwa. Sasa alikuwa na miaka thelathini na nne na nafasi moja: amalize ndani ya watano bora hapa Sydney, la sivyo leseni ya kucheza gofu ya kulipwa inakwisha. Kedi wake wa siku zote, yaani mbeba mfuko na mshauri wake, alikwama Tokyo na homa. Ndipo rafiki yangu mmoja wa pale klabuni akakumbuka kwamba Lusekelo wa mabohari aliwahi kuijua kazi hiyo.

Getini kila asubuhi tulijaza fomu. Una dalili yoyote? Siku hiyo nilitia tiki kwenye "hapana" kwa mkono uliotulia kuliko siku niliyosaini cheti cha ndoa. Kanuni niliijua: kedi akikutwa na ugonjwa, mchezaji naye anatolewa. Nikisema, namuua. Nisiposema, labda.

Korona ilikuwa imetuwekea kanuni nyingine. Kedi haruhusiwi kugusa fimbo. Anasimama mita moja na nusu, anataja namba, mchezaji anachomoa mwenyewe. Na namba hizo tulizitaja kwa Kiswahili. Siku ya kwanza tuligundua kwamba kedi wa mpinzani wetu, Mwaustralia mmoja mwekundu kama nyanya, aliwahi kuishi Osaka. Tulikuwa tukinong'ona kwa Kijapani changu cha kuokoteza, yeye anatabasamu. Jioni ile Chizuru akakaa kwenye benchi akajifunza moja mpaka tisa.

"Saba kwetu ni samaki," aliniambia kwa Kiingereza chetu cha viraka. "Kila ukiitaja nitaona njaa."

"Vizuri. Mwenye njaa hupiga mbali."

Tulipofika nane hakucheka.

"Rusekero-san, kwetu *nana* ni saba. Nane, nana. Siku moja hii itaniua."

"Haikuui, dada. Kwetu kuna sikukuu ya wakulima, tarehe nane mwezi wa nane, inaitwa Nane Nane. Ukisikia nane mbili, chomoa namba nane. Ukisikia moja tu, niulize."

Akairudia mara ishirini. Nane Nane. Akainamisha kichwa kana kwamba nimempa zawadi, nami nikaona fahari ya kijinga.

Siku tatu mambo yalikwenda. Siku ya nne, kuanzia shimo la tisa, wingu jeusi lilikaa upande wa kusini, halisogei, kama mgeni asiyeaga. Joto likatulalia. Chini ya barakoa mbili nilikuwa namumunya pipi ya koo na kumeza kila kikohozi kilichopanda. Chizuru alicheza kama mtu aliyesamehewa. Shimo la kumi na tano akanigeukia.

"Leo huna utani."

"Nimeubakiza wa mwisho."

Tulifika shimo la kumi na nane tukiwa wa nne. Akilimaliza kwa mipigo minne, yumo. Hata mitano, yumo. Mpigo wa kwanza ukalala katikati ya nyasi. Mbele yetu zilibaki mita mia na ishirini na tano, bendera, na nyuma ya bendera bwawa. Upepo wa kusini ulikuwa haujafika. Namba nane ilitosha kabisa; saba hupeleka mbali zaidi, ingefika bwawani.

Akanitegea sikio.

"Nane," nikasema.

Ya pili ilipanda, ikakutana njiani na kile nilichokuwa nakimeza tangu asubuhi. Nikageuka, nikazika uso kwenye kiwiko, nikakohoa mpaka machozi. Huenda aliuliza; masikio yangu yalikuwa yamejaa kifua changu mwenyewe. Nilipogeuka fimbo ilikuwa tayari juu, nami nikaisoma namba kwenye chuma chake. Saba.

Mpira ulipigwa vizuri sana. Hilo ndilo siwezi kulisahau. Ulipita juu ya bendera, mzuri, mweupe chini ya lile wingu, ukaingia majini.

Akamaliza kwa mipigo sita. Wa saba.

Hakuuliza kitu mpaka kadi zilipokabidhiwa. Kisha akaja, akasimama mbali kuliko ile mita moja na nusu.

"Nilisikia nane moja. Nikauliza. Ulikuwa unakohoa. Tangu lini?"

Nilikuwa na uongo wa kutosha, mwingine wa kuchekesha.

"Tangu asubuhi, dada. Kabla sijatoka nyumbani."

Akasogea kwenye mfuko, akachomoa namba nane, akaikagua. Ilikuwa safi, haina hata jani. Akaifuta hivyo hivyo, akairudisha, akauinua mfuko mzima begani mwake, yeye mwenye mgongo ule.

"Niache nikubebee," nikasema.

"Usiguse."

Akainama kidogo, kwa adabu, akaanza kupanda njia ya kwenda klabuni. Tone la kwanza la mvua likanipiga shingoni. Mlangoni akasimama, akaegemeza mfuko ukutani, akaweka kiganja kifuani.

Akakohoa. Mara moja.

Nikabaki pale pale mvuani, nasubiri kikohozi cha pili.