Sawa Saba Sakafuni

Saa moja kasorobo asubuhi, kabla wakata mawe hawajafika, Shangazi alikuwa ameshazipanga mashine za hewa kumi na moja juu ya meza ndefu, anafuta ncha za betri kwa kitambaa kikavu. Hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale karakanani. Jina alilipata siku alipomrudishia fundi mkuu kofia yake mbele ya watu na kumwambia inanuka kitunguu.

Kila mashine ina kofia yenye kioo cha uso, mpira mnene unaoshuka mgongoni, na feni ndogo ya betri inayofungwa kiunoni, inayovuta hewa kupitia chujio na kuipeleka usoni. Mawe ya makabati ya jikoni yakikatwa hutoa vumbi jeupe, laini kama unga, na vumbi hilo likishakaa kifuani halitoki. Kwa hiyo Shangazi hukagua. Kioo kisiwe na ufa, mpira usiwe na tundu, kitambaa cha shingoni kisiwe kimechanika, taa tatu za betri ziwe za kijani. Mwisho huchomeka mrija wa kioo wenye kigololi ndani. Feni ikiwashwa, kigololi lazima kipande juu ya mstari mwekundu. Halafu anaandika neno moja kwenye kadi ya mashine: Sawa.

Machujio mapya yalikwisha miezi miwili nyuma. Boksi la mwisho lilikuwa na manne tu, yakaenda kwenye mashine nne. Kwa zile saba nyingine, msimamizi, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Kesho na mwenyewe anajua kwa nini, aliamuru chujio la zamani ligongwe ukutani, lipulizwe kwa kompresa, lirudishwe mahali pake. Chujio lililogongwa hupandisha kigololi vizuri kabisa. Ila linakuwa limefumuka matundu yasiyoonekana, na Shangazi alilijua hilo kwa sababu alilisomea. Akaandika sawa. Kesho yake akaandika tena. Mashine namba nne, mojawapo ya zile saba, ilikuwa ya mkwe wake, mume wa bintiye wa pekee. Binti alikuwa na mimba ya miezi sita, na mkwe alikuwa ameanza kukohoa.

Jumanne mfagiaji alimjia na kizoleo mkononi.

"Shangazi, hizi si zako?"

Ndani ya kizoleo, katikati ya vumbi, mlikuwa na sawa saba. Wino wa bluu, mwandiko wake mwenyewe, zile a zenye mkia.

"Zangu."

"Basi zichukue. Zinanasa kwenye ufagio, na mgongo huu si wa chuma."

Shangazi akazitazama kadi. Nne zilikuwa na maneno yake. Saba zilikuwa tupu, safi, hazina hata alama ya kalamu. Njia ya mwongo ni fupi, na hapa ilikuwa fupi kweli: kutoka kwenye kadi hadi sakafuni. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini sawa zinazoleka, kwa hiyo akazipangusa vumbi moja moja na kuzibandika kwa gundi. Kufika saa nne zilikuwa chini tena. Moja ilimwangukia mkwe wake kwenye kiatu. Mkwe akainama, akaiokota, akampa kwa mikono miwili.

"Umedondosha, mama."

"Asante, baba."

Aibu aliyoisikia, bora ardhi ingepasuka. Akaitia ile sawa mfukoni mwa aproni, akaendelea na kazi.

Bwana Kesho alipoelezwa alisema tatizo ni kalamu, akaleta kalamu ya wino mzito. Sawa za wino mzito zikaanguka kwa kishindo. Akaleta gundi ya viatu. Mwishowe akaagiza mfagiaji apewe mfuko wa kuzikusanyia, na jambo hilo likaingizwa kwenye ratiba ya usafi, baada ya vipande vya mawe na kabla ya choo.

"Na machujio?" Shangazi akauliza.

"Kesho."

Alhamisi binti alimpigia mama yake simu. Alisema mume wake siku hizi analala ameketi, maana akilala chali kifua kinambana. Mambo ya chumbani kwa watoto si ya mama mkwe kuyataja, na Ijumaa asubuhi mkwe alipofika na macho mekundu, Shangazi hakuyataja. Alikagua. Kioo kizima. Mpira mzima. Taa tatu za kijani. Kigololi kikapanda hadi juu kikatulia huko, kibaraka mkubwa. Ndipo akafanya kitu ambacho hakimo kwenye orodha: akauchomoa mpira kwenye kofia, akaingiza kidole ndani, upande ule unaopita hewa iliyokwisha kuchujwa. Kidole kikatoka cheupe.

Wakakitazama wote wawili.

"Mama, andika tu sawa," mkwe akasema kwa upole. "Asiyekata halipwi, na mtoto yuko njiani."

"Nimekuandikia sawa wiki nane, baba. Wiki nane nakuua kwa mwandiko mzuri. Nisamehe."

Mkwe akatazama chini. Hakuna mkwe anayejua aweke wapi uso wake mama mkwe akimwomba msamaha.

Shangazi akavuta kadi, akaandika: Si sawa. Wino ulikauka kabla hajainua kalamu. Bwana Kesho akaja, akasugua kwa mate, akasugua kwa petroli, akakwangua kwa msumari. Kadi ikatoboka, neno likabaki pale pale juu ya tundu. Akaandika sawa kwa mkono wake mwenyewe, ikamwangukia kwenye mfuko wa shati.

Wakata mawe walikuwa wameshazunguka meza.

"Hebu nichokonolee na yangu," akasema mama mmoja wa mashine namba sita.

Alizichokonoa zote saba. Kidole kilikuwa cheupe mara saba.

Hiyo ni wiki tano sasa. Machujio hayajafika. Ofisi imechapisha kadi mpya zenye nafasi ya kutia alama ya vema tu, hazina mahali pa neno, na vema za uongo ni nyepesi, hupeperuka zenyewe dirishani. Mfagiaji anasema afadhali. Bwana Kesho bado ni Bwana Kesho. Lakini zile saba hakuna anayezivaa. Watu wanapokezana zile nne, saa mbili mbili, na asiye zamuni humwagia jiwe maji kwa ndoo ili vumbi lisiruke. Oda zinachelewa, wateja wamenuna, mshahara umekonda. Mkwe bado anakohoa, ila sasa analala chali, na hilo Shangazi amelijua kwa simu, kwa hiyo mbele ya mkwe hajui.

Leo asubuhi ilikuwa zamu ya mkwe kwenye mashine namba tisa, moja ya zile nne. Watu kumi walisimama kuzunguka meza. Taa tatu za kijani. Kigololi juu ya mstari. Kidole kikaingia, kikatoka kisafi. Shangazi akageuza kadi, akaandika Sawa mgongoni mwa kadi, akaweka kalamu chini. Wakasubiri. Mmoja akaipuliza kadi, mwingine akaitikisa, mfagiaji akaweka kizoleo chini yake, basi tu, kwa mazoea.

Dakika nzima ikapita. Neno likakaa.

"Ingia, baba," Shangazi akasema.