Tumefunga

Ramadhani ile Shaame alifunga kula na kusema. Kula, kwa ajili ya dini. Kusema, kwa ajili ya Nitin, rafiki yake wa miaka nenda miaka rudi, ambaye sasa alikuwa hamsalimii hata wakikutana kwenye lifti.

Wote wawili walifanya kazi London, kwenye ofisi kuu ya kampuni yenye kinu cha nyuklia huko pwani ya mashariki. Nitin, Mhindi mzaliwa wa Kisumu, alishika fedha. Shaame, mtoto wa Makunduchi, alishika usalama. Bei ya umeme ilikuwa imeanguka, kinu kinaendeshwa kwa hasara, na mabosi wakaja na lao: ukaguzi wa pampu za akiba, zile za kukipoza kinu mambo yakiharibika, usogezwe mpaka mwakani. Kukizima ili kikaguliwe kungeweza kuwa ndiyo mwisho wake. Mdhibiti wa serikali angekubali iwapo tu mhandisi wa usalama angetia sahihi.

"Sahihi moja tu, bana," Nitin alimsihi. "Tukifunga hiki kinu, watu wote wanaenda nyumbani. Hata wewe."

"Pampu haijui shida zetu, Nitin."

Hakutia. Kinu kikazimwa, mafundi wakafungua pampu, na kwenye moja wakakuta ufa mwembamba. Ikabadilishwa. Nitin badala ya kushukuru akazidi kununa: nani sasa atanunua kinu chenye sifa ya nyufa? Maana mabosi walikuwa wameamua kukiuza, na leo ndiyo walikuwa wanakutana na wanunuzi. Ama wakinunue, ama kifungwe kabisa. Shaame hakuitwa kwenye kikao, na ilimuuma.

Jioni, nyumbani Ilford, futari ilishaandaliwa: muhogo wa nazi, sambusa, na uji wa pilipili manga. Alikuwa ndiyo kwanza anatia tende mdomoni simu ilipolia. Ujumbe wa Nitin, neno moja tu: "Tumefunga."

Akairudisha tende sahanini.

Raya, mkewe, akachungulia begani. "He! Nitin naye kafunga? Kasilimu lini?"

"Kafunga nani?" Bi Mwanaidi, mama mkwe, mpenzi wa mpira kupindukia, akaruka kwenye mkeka. "Dakika ya ngapi?"

"Kinu, mama. Wamekifunga kinu."

Shaame aliwakumbuka mafundi wa kule pwani, chai yao nzito na utani wao, na moyo ukamwambia ni yeye aliyewamwagia unga. Alitamani kulia mbele ya mama mkwe, aibu isiyo na mfano.

Raya akamshika mkono. "Ungetia sahihi, ungelala usingizi?"

"Wapi! Nisingelala."

"Basi kula mume wangu, futari inapoa."

Alikuwa anajilazimisha kula sambusa kengele ya mlango ilipolia. Alikuwa Nitin, boksi la vitamu vya jalebi kutoka Southall mkononi, meno yote nje.

"Mbona hunijibu? Si nimekuandikia tumefunga!"

"Nimesoma. Pole sana, ndugu yangu."

"Pole ya nini? Goli, bana! Tumefunga goli! Wamenunua!"

Bi Mwanaidi akapiga kigelegele mpaka jirani akagonga ukuta. "Mie nilisema! Hamnisikilizi humu ndani!"

Shaame alicheka huku machozi yakimtoka, wala hakuyafuta. Nitin akaketi mkekani, na sauti yake ikashuka.

"Wale watu wameonyeshwa vinu vingi, Shaame. Kila mahali wanaambiwa hakuna shida, hakuna shida. Sisi peke yetu tulikuwa na ufa, na mtu aliyekataa kuunyamazia. Wakasema, hapa tunajua tunanunua nini. Halafu wakauliza, huyo mtu yuko wapi? Mbona hayuko kwa meeting?"

"Ukawaambia nini?"

Nitin aliinamia boksi lake, anafungua kamba isiyotaka kufunguka. "Ningesema nini? Kwamba tulikuacha nje? Nilishikwa na haya, bana. Nikasema, amefunga."

Shaame akachagua tende nono kuliko zote sahanini, akamnyooshea.

"Haya. Fungua na wewe."

Na Nitin, ambaye hajapata kufunga hata siku moja maishani, akaipokea kwa mikono miwili.