Ari na Hasira

Mwenzangu tulimwita Chiriku, kwa sababu akianza kuongea hanyamazi. Kwa miaka mitatu tulishindana pamoja kwenye midahalo ya vyuo, weusi wawili katika kumbi zilizojaa Wazungu, na sasa, mwaka wetu wa mwisho, tulikuwa tumeingia fainali!

Mada ilisema kwamba katika mdahalo hoja ndiyo inayoshinda, si msemaji. Sisi tulipangiwa kupinga. Chiriku akacheka peke yake. Kila raundi alikuwa akinakili maoni ya waamuzi yaliyobandikwa ukutani, yetu na ya wapinzani.

"Wanangu, usitukane wakunga na uzazi ungalipo," kocha wetu akatuonya mlangoni. "Waamuzi ni walewale."

"Mama kocha, mimi niko leba mwaka wa tatu huu!" Chiriku akamjibu.

Akapanda jukwaani, akaanza kwa sauti ya chini kabisa. Hapo nikajua kazi ipo.

"Nina maneno ya mwamuzi mmoja, kutoka raundi moja tuliyokutana na wapinzani wetu hawa. Kwanza: 'Ana ari ya kupendeza.' Pili: 'Ana hasira, ajizuie.' Mmoja wetu alipiga meza ngumi, mwingine alipaza sauti tu. Haya, nyoosheni vidole. Ari ni ya nani?"

Ukumbi mzima ukamwonyesha kijana wa Kizungu wa upande wa pili.

"Na hasira?"

Vidole vikamgeukia Chiriku, kisha vikaanza kushuka kimoja kimoja, kwa aibu.

"Mmepatia," akasema. "Na hakuna aliyeuliza hoja zetu zilikuwa zipi."

Lo! Nusura niruke juu ya kiti. Yule kijana akasimama kujibu, akafunua karatasi zake, akazifunika.

"Meza niliipiga mimi," akasema, akakaa.

Waamuzi watatu walinong'onezana kwa muda mrefu. Hatimaye mwamuzi mkuu akatangaza: wawili kwa mmoja, tumeshinda! Nilimrukia kocha, tukapepesuka sote wawili.

Mwamuzi mkuu akamnyooshea Chiriku kombe, akitabasamu. "Umeona? Ukizungumza kwa utulivu, watu wanakusikiliza."

Chiriku akaivuta maikrofoni.

"Sijatulia, mheshimiwa. Nimekasirika tangu mwaka wa kwanza, na hata sasa hivi."

Mwamuzi akabaki na kombe lake mkononi, na sisi tukashangilia hadi sauti zikatukauka.